Turbo ya zamani kwenye joto la Mombasa: yanayosemwa na yalivyo

Ukiwa na Impreza, Forester ya turbo, Legacy GT au Mark II yenye injini ya 1JZ, Mombasa huna haja ya kuomba ushauri. Utakujia wenyewe: kwa fundi, kwa muosha magari, kwa kijana aliyeteremsha kioo kwenye foleni ya Buxton akauliza umefunga turbo gani. Mwingi wa ushauri huo una chembe ya ukweli, ndiyo maana unaenea. Taabu ni kwamba ulizaliwa kwingine: Japan kwenye petroli ya oktani ya juu, au Nairobi kwenye hewa nyembamba na baridi. Sisi tuko usawa wa bahari, nyuzi 30 na ushei, kwenye unyevu, chumvi na foleni, na gari lenyewe lina miaka 20 na lazima likufikishe kazini kesho asubuhi.

"Lilishatyuniwa Nairobi, kazi imekwisha"

Hii naiogopa kuliko zote, maana mwenye gari haoni kosa popote. Gari lilifungwa kidhibiti cha mkono cha busti (presha ya hewa ambayo turbo inaisukumia injini), kile kidude cha shaba chenye skrubu. Fundi wa Nairobi akakaza mpaka geji ikasoma baa 1, likajaribiwa Thika Road, safi. Mwenye nalo akapata uhamisho wa kikazi, akashuka nalo Pwani. Geji bado inasoma baa 1. Kuna ubaya gani?

Ubaya uko kwenye hewa. Geji nyingi za busti hupima presha iliyozidi ile ya nje, na westigeti ya springi (vali inayoizuia turbo busti ikifika kikomo) hufuata hesabu hiyo hiyo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni baa 0.82 hivi. Jumlisha na ile 1 ya geji, injini inapata 1.82. Mombasa hewa ya nje peke yake ni baa 1.01, kwa hivyo geji ikisoma 1, injini inapokea 2.01. Umeongezewa karibu asilimia 10 na hakuna aliyeshika spana. Kompyuta ya kiwandani inayodhibiti busti yenyewe hulijua hilo kwa sababu ina njia ya kusoma presha ya nje. Skrubu ya shaba haijui lolote.

Na presha hiyo ya ziada inakuja na joto. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa na turbo mpaka presha yake iwe maradufu, hutoka ikiwa na nyuzi 120 hivi kabla ya kupita kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo. Ikiingia kwenye silinda bado ina moto, mafuta yaliyo pembeni hujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Injini inagonga. Kwenye injini za EJ za Subaru, kinachokwenda mara nyingi ni zile kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Unaanza kuona moshi, oili inapungua, kompresheni ya silinda moja imelala.

Kwa hivyo ukishuka na gari la namna hiyo, legeza skrubu kwanza, maneno baadaye. Kisha likatyuniwe upya huku huku chini, mchana wa jua kali, si saa kumi na mbili alfajiri hewa ikiwa bado na ubaridi.

"Tia mafuta ya bei, farasi wataongezeka"

Oktani haina nguvu ndani yake. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa na joto bila kujiwasha. Injini isiyohitaji uvumilivu huo haipati faida yoyote kwa kutiliwa mafuta ya ghali.

Ila turbo za Japan zinauhitaji kweli. WRX ya kizazi cha GDA, ile iliyotangazwa na farasi 250, ilipangiwa petroli ya hali ya juu ya kwao, ambayo kwa kawaida ni oktani 98 hadi 100. Super ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ikisikia injini inagonga, inachelewesha moto wa plagi ili kuinusuru, na farasi kadhaa wanapotea kimyakimya. Maana yake, gari lako likiwa halijaguswa hata kidogo tayari linaendeshwa chini ya kiwango cha karatasi, na anayekuongezea busti juu ya hapo anakopa kutoka akiba ambayo haipo. Tyuni ya maana hapa Mombasa inaanza kwa kuilinganisha injini na petroli utakayokuwa unajaza kila wiki, hata kama namba ya mwisho itakuwa ndogo kuliko ya jamaa wa kwenye video. Gari lililotoka Uingereza ni afadhali kidogo, kwa kuwa lilipangiwa petroli ya kule ya oktani 95.

"Hapa hakuna baridi, kulanti ya nini? Tia maji. Na themostati itoe kabisa"

Mafundi wazuri, watu waliotufungulia injini na kuzifunga zikawaka, bado husema hivi. Asili yake inaeleweka: kulanti huuzwa kama dawa ya kuzuia maji yasigande, na Mombasa hakuna kitu kinachoganda nje ya friji. Lakini kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu, na pia kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Yatie kwenye injini ya alumini yenye rejeta ya alumini, halafu fungua bomba la chini baada ya miezi: yatatoka na rangi ya chai ya maziwa, na vijitundu vya rejeta vina ukoko mweupe. Rejeta hiyo hata ukiifungia feni tatu haitapoza kitu. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri (maji, jamani, si asidi yake).

Themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nayo ina sifa mbaya isiyostahili. Ya Subaru huanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80, na ikishafunguka haizuii kitu. Ukiitoa, gari likishika barabara ya Mariakani na upepo wa mbele, injini inakaa chini ya joto lake la kazi. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inamimina mafuta ya ziada, na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kisha ukirudi kwenye foleni ya feri Likoni, joto linapanda vilevile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa feni au rejeta tangu mwanzo.

Kabla ya hayo yote, nunua kifuniko kipya cha rejeta. Kifuniko kizima cha baa 1.1 huyafanya maji yasichemke mpaka nyuzi 120 na ushei badala ya 100. Kilicholegea mpira kinakunyima hizo nyuzi 20, na ni spea ya bei ya chini kuliko chakula cha mchana cha watu wawili. Sijui kwa nini huwa cha mwisho kubadilishwa.

"Intakula kubwa ya mbele ndiyo dawa ya joto"

Inategemea gari ni la nini. Intakula ya Subaru imelala juu ya injini, kwa hivyo foleni ikisimama inapikwa na joto linalopanda kutoka chini. Hilo ni kweli, na ukikanyaga ghafla baada ya dakika 20 za kusimama utahisi gari zito. Lakini likishatembea, upepo wa tundu la boneti huirudisha haraka. Ile kubwa ya mbele haipati joto la injini namna hiyo, ila inakaa mbele ya kondensa ya AC na rejeta na kuwanyima wenzake upepo. Mapaipu nayo yanakuwa marefu, turbo inachelewa kuamka. Kwa busti ya kiwandani au iliyozidi kidogo, mimi ningeisafisha ile ya juu, nikarudisha mpira wake wa kuziba kati ya intakula na boneti (huo karibu kila gari umekwisha chanika), na pesa zilizobaki ningezipeleka kwenye rejeta.

Na anayekwambia ung'oe AC ili gari liwe jepesi, mwambie akae nalo saa nane mchana Februari, madirisha chini, pale Kongowea. Magari mengi hujizimia kompresa yenyewe kwa muda ukikanyaga mpaka chini.

Mengine niyapitie mbiombio. Blo-ofu (vali inayoachia hewa ya turbo ukiinua mguu) inayotapika hewa nje kwa ule mlio haiongezi nguvu. Kwenye gari linalopima hewa kwa sensa mwanzoni mwa bomba, hewa iliyomwagwa ilikwisha kuhesabiwa, kwa hivyo kila ukibadilisha gia mafuta yanazidi na plagi zinaingia masizi. Ekzosi pana kwa turbo ni jambo zuri na yale ya "injini inataka kuzuiwa kidogo" hayahusu upande wa baada ya turbo, lakini fahamu kwamba ukiifungua sana westigeti ndogo inaweza kushindwa na busti ikapanda yenyewe. Taima ya turbo, ile inayoiacha injini ikiunguruma dakika tano baada ya kutoa ufunguo ili turbo ipoe? Turbo nyingi za umri huu bearingi zake hupozwa na maji pia. Endesha taratibu kilomita ya mwisho, zima, nenda zako. Oili ya 20W-50 "kwa sababu ya joto": joto la oili linaletwa na injini zaidi kuliko jua la Mombasa, na oili nzito huchelewa kufika kwenye turbo asubuhi. 5W-40 nzuri, ibadilishwe kila kilomita 5,000, inatosha.

"Halina tatizo, linavuta vizuri"

Kuvuta vizuri si kipimo. Gari la miaka 20 lina mipira ya miaka 20, na uvujaji mdogo wa hewa hufichwa na turbo inayojitahidi zaidi kufidia. Dawa yake ni kipande cha paipu ya PVC kilichozibwa upande mmoja, vali ya tairi imechomekwa kwenye tundu hapo katikati, klipu, na kompresa ya mtu wa pancha. Unaichomeka kwenye mdomo wa turbo, unajaza hewa polepole isizidi busti ya kawaida, na mwenzio anapaka maji ya sabuni kwa brashi ya rangi kwenye kila kiungo. Utasikia mfoko kabla ya kuona povu. Kwenye Subaru tazama sana ule mpira mfupi kati ya turbo na intakula: kwa juu mzima, ukiukunja kwa chini una mpasuko wa urefu wa ukucha. Kazi hii na kipimo cha kompresheni zifanyike kabla ya kununua hata stika.

"Breki za kiwandani zatosha, sikimbii"

Husemwa na mtu aliyekwisha kuongeza farasi 50. Diski na padi nzima za kiwandani kweli zatosha kwa mwendo wa mjini; kinachosahaulika ni mafuta ya breki. Yananyonya unyevu, na hewa yetu ni unyevu mtupu. DOT 4 (daraja la kawaida la mafuta hayo) ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ila ikishakunywa maji kiwango chake kinaruhusiwa kushuka mpaka 155, na mafuta yakichemka pedali inazama. Mengi ya magari haya hayajabadilishwa mafuta hayo tangu yateremshwe bandarini Kilindini. Fungua kopo ukaone: yakiwa ya rangi ya kahawa, yabadilishwe wiki hii, na baada ya hapo kila mwaka. Turbo kubwa isubiri mwezi ujao.