Je, wajua kwa nini Zika humfanya mtoto azaliwe na kichwa kidogo?

Picha za watoto waliozaliwa kaskazini-mashariki mwa Brazil kuanzia mwaka 2015, vichwa vyao vikiwa vimeishia karibu juu tu ya nyusi, ziliwafanya watu wengi, mwandishi wa makala haya akiwamo, wakimbilie jibu moja: kwamba virusi vya Zika hulifanya fuvu likomae na kufunga kabla ya wakati wake, na ubongo ukabanwa humo ndani kama mguu uliovishwa kiatu kidogo. Jibu hilo linaingia akilini kwa urahisi, lakini limeanzia mwisho. Kinachoharibika kwanza ni ubongo. Fuvu hufuata tu.

Fuvu la mtoto mchanga ni mifupa kadhaa bapa inayoshikana kwa mishono laini, na mahali mishono hiyo inapokutana pana pengo, maarufu zaidi likiwa utosi, ambao kila aliyewahi kumwogesha mtoto mchanga ameuona ukidunda. Mifupa hiyo hupanuka kwenye mishono kwa sababu ubongo unaokua unaisukuma kutoka ndani. Tuchukulie donge la unga wa maandazi lililotiwa hamira na kufunikwa kitambaa: kitambaa huinuka kwa kuwa donge linaumuka, na mpishi akirudi akakuta kitambaa kimelala palepale, halaumu kitambaa, bali anakwenda kuitazama hamira.

Ni kweli kwamba lipo tatizo jingine, lisilohusiana na Zika, ambalo mishono ya fuvu huziba mapema. Hapo mara nyingi kichwa hupoteza umbo zaidi kuliko kupungua ukubwa, na madaktari wa upasuaji huweza kuiachanisha mifupa ili ubongo upate nafasi. Kwa mtoto aliyeathiriwa na Zika upasuaji wa namna hiyo haungesaidia, kwani nafasi si kitu kilichokosekana.

Uthibitisho ulio wazi kuliko wote, na pengine wa ajabu kuliko wote, uko kwenye ngozi. Baadhi ya watoto walioathirika vibaya walizaliwa na ngozi ya kichwa iliyozidi, ikijikunja kwa makunyanzi mpaka kisogoni, huku mifupa ya fuvu ikiwa imepandana kwenye mishono. Ngozi hiyo ilikwisha kukua kutosha kichwa kikubwa zaidi, kisha ubongo ukanywea na fuvu likaporomoka juu yake, ngozi ikabaki kama kanzu ya mtu aliyekonda ghafla. Fuvu lililofunga mapema lisingeacha ngozi ya ziada.

Je, virusi hufanya nini huko ndani? Mwezi Machi 2016 watafiti wa Marekani, wakiwamo Hengli Tang, Hongjun Song na Guo-li Ming, walionyesha katika maabara kwamba virusi vya Zika huzivamia kwa wepesi seli tangulizi za ubongo, yaani zile ambazo hujigawa ili kuzaa seli nyingine za ubongo. Seli zilizovamiwa zilijigawa kwa shida au zikafa. Uzito wa jambo hili ni rahisi kuuona kwenye mti wa ukoo: ukifuta jina la kitukuu umepoteza mtu mmoja, lakini ukimfuta babu aliyeanzisha ukoo, wote waliotokana naye hutoweka. Seli moja inayojigawa mara 10 huacha seli 1,024. Ikifa kabla ya kuanza, zote hizo hazitazaliwa, ilhali ikifa seli moja ya kizazi cha mwisho pengo lake halionekani. Hesabu hii imerahisishwa, maana si kila seli tangulizi hujigawa kwa mpangilio huo, lakini inaeleza kwa nini maambukizi ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito huogopwa zaidi.

Mlango ambao virusi hupitia kuingia kwenye seli hizo bado una ubishi. Protini iitwayo AXL ilitajwa mapema sana, kisha seli zilizoondolewa protini hiyo zikaambukizwa vilevile.

Kuhusu historia, yatosha kusema kwamba virusi hivi viligunduliwa mwaka 1947 kwa tumbili wa utafiti katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda, na kwamba huenezwa hasa na mbu aina ya Aedes, mbu wa mchana ambaye pia hueneza dengi, ingawa huambukizwa hata kwa kujamiiana. Mama hahitaji kuugua sana: takriban watu wanne kati ya watano walioambukizwa hawaoni dalili yoyote.

Isidhaniwe pia kwamba kila mimba iliyoambukizwa huishia hivyo. Makadirio ya Polinesia ya Ufaransa yalikuwa karibu mtoto 1 mwenye kichwa kidogo kwa kila wanawake 100 walioambukizwa katika miezi mitatu ya kwanza. Katika maeneo ya Marekani ya ng'ambo, kasoro za aina mbalimbali zilionekana katika takriban asilimia 8 ya mimba zilizoambukizwa kipindi hicho. Takwimu hizi mbili hazihesabu kitu kimoja, hivyo haifai kuzishindanisha.

Hata utepe wa kupimia kichwa una mipaka yake. Mwaka 2015 Brazil ilianza kwa kumshuku kila mtoto mwenye mzunguko wa kichwa usiozidi sentimita 33, na mwezi Desemba ikashusha kipimo hadi 32, kwa kuwa kile cha kwanza kilinasa watoto wengi wazima. Kisha, katika majimbo ya Pernambuco na Ceará, wakachunguzwa watoto 13 wenye maambukizi ya Zika ya tangu tumboni ambao vichwa vyao havikuwa vidogo siku ya kuzaliwa. Picha za ubongo za wote 13 zilionyesha ubongo uliopungua ujazo, na kwa 11 kati yao, kadiri miezi ilivyopita, kichwa nacho kilibaki nyuma.