Kichocheo cha mazingira katika baridi yabisi

Mtu akiamka vidole vimevimba na kukaza hata kifungo cha shati hakifungiki, nyumbani wataambiana ni baridi ya alfajiri. Sivyo. Katika baridi yabisi, askari wa kinga ya mwili wameacha vijidudu na kushambulia utando wa viungo. Kichocheo cha mazingira ni kitu cha nje ya mwili kinachochangia kuwasha vita hivyo kwa mtu aliyerithi uwezekano wa kuugua.

Urithi peke yake hautoshi. Mapacha wa kufanana wana jeni zilezile, lakini mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hapati ugonjwa huo.

Kichocheo kinachojulikana zaidi ni sigara. Moshi hubadilisha umbo la baadhi ya protini ndani ya mapafu, kinga ikaziona ngeni na kutengeneza kingamwili, yaani silaha zake za kwenye damu, dhidi yake. Kingamwili hizo huweza kuwemo kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo chochote hakijauma. Ugonjwa wa fizi nao unashukiwa kwa njia hiyohiyo.

Linalonisumbua zaidi ni vumbi la mawe, kwa sababu halitajwi. Mwaka 1914 huko Edinburgh, daktari Byrom Bramwell aliona kuwa wagonjwa wake kadhaa wa skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokakamaza ngozi, walikuwa waashi wa mawe. Alidhani ni ubaridi wa patasi mkononi. Baadaye ilibainika ni silika, aina ya madini ya mawe, iliyomo kwenye vumbi. Mwaka 1953 Anthony Caplan alieleza vinundu vya pekee kwenye mapafu ya wachimba makaa wa Wales wenye baridi yabisi, na mwaka 1957 skleroderma ikaripotiwa kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini.

Granaiti ya vilima vya Mwanza nayo ina silika, na wapo akina mama wanaoiponda kwa nyundo kupata kokoto, khanga imefunika pua. Khanga huzuia vumbi linaloonekana. Lile laini linalofika ndani kabisa ya mapafu hupenya. Kulowesha jiwe kabla ya kulipiga husaidia zaidi.

Kwa hiyo viungo vikivimba kwa wiki kadhaa, mweleze daktari kazi zako zote, hata ile uliyoiacha zamani. Kwenye kadi ya hospitali huandikwa “mkulima”, na miaka kumi ya kokoto haionekani popote.