Rothko: kwa nini picha zake hung'aa, na kwa nini baadhi zimefifia

Picha ya mchoraji wa Marekani Mark Rothko ya miaka ya 1950 ina vitu vichache sana: mistatili miwili au mitatu yenye kingo za ukungu, imepangwa juu ya uwanja wa rangi nyingine. Hakuna mtu, mti wala nyumba. Kwenye kitabu huonekana jambo ambalo mtoto angelifanya. Ukiikaribia yenyewe ukutani, rangi huonekana kama inatoa mwanga kwa ndani. Mwanga huo ni kazi ya mikono na ya vifaa, na vifaa hivyohivyo ndivyo vinavyowasumbua wahifadhi leo.

Rothko alizaliwa Septemba 25, 1903, katika mji wa Dvinsk, uliokuwa sehemu ya Dola ya Urusi. Leo unaitwa Daugavpils na uko Latvia. Jina lake lilikuwa Markus Rothkowitz. Baba yake, Jacob, alikuwa mfamasia, na akampeleka kijana huyu kusoma heder, chuo cha watoto wa Kiyahudi kinachofundisha Kiebrania na maandiko. Mwaka 1913 alivuka na mama yake na dada yake hadi Portland, Oregon, baba alikokuwa ametangulia. Mwaka uliofuata baba akafariki. Markus aliingia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1921, akaacha masomo mwaka 1923 na kuhamia New York. Kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia 1929, alifundisha watoto sanaa katika shule ya Kituo cha Kiyahudi cha Brooklyn. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1938, na kuanzia 1940 akawa anatia sahihi kwa jina la Rothko. Wapo wanaoisoma kila rangi nyekundu kwenye turubai zake kama damu ya Wayahudi waliouawa Urusi. Usomaji huo ni wa kubahatisha. Picha zenyewe hazitoi ushahidi wa kutosha.

Mtindo uliompa umaarufu ulikamilika kati ya 1949 na 1950. Mkono wa kwanza haukuwa rangi ya mafuta. Alipasha moto gundi ya ngozi ya sungura, akaichanganya na unga wa rangi, akaipaka moja kwa moja kwenye turubai ili nyuzi zinywe rangi. Juu yake alipaka rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini hadi ikawa majimaji, kwa brashi pana za wapaka nyumba, haraka haraka, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka liliruhusu lililo chini kupenya, kama khanga nyembamba kadhaa zilizotundikwa mbele ya taa. Katika kazi za baadaye aliongeza mayai mazima na utomvu wa damari, pia gundi za viwandani. Hakuweka vanishi juu ya picha nzima: alitaka sehemu moja ing'ae na jirani yake ibaki kavu. Aliendelea kupaka hadi kwenye unene wa fremu ya mbao, kwa hiyo picha nyingi hutundikwa bila fremu ya nje.

Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Tapentaini ikizidi, mafuta yanayoshika chembe za rangi hupungua, na uso unakuwa dhaifu hata kwa kuguswa na kidole. Bila vanishi, hakuna ngozi ya juu ya kuzuia vumbi, jasho au wino. Oktoba 7, 2012, mtu mmoja aliandika kwa wino mweusi kwenye pembe ya picha ya mwaka 1958 ndani ya jumba la sanaa la Tate Modern, London. Wino ulipenya matabaka hadi nyuma ya turubai. Wataalamu walitengeneza turubai ya majaribio yenye matabaka yaleyale, wakaichafua kwa wino uleule, kisha wakajaribu viyeyusho kimoja baada ya kingine. Mchanganyiko wa benzili alkoholi na ethili lakteti ndio uliofaa kuliko vingine. Kazi yote ilichukua miezi 18.

Hasara ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilikuja polepole zaidi. Rothko alichora picha kubwa kwa ajili ya chumba cha kulia chakula cha chuo hicho, na tano kati yake zikatundikwa mwaka 1964. Chumba kilikuwa ghorofa ya juu, kina madirisha makubwa, na mapazia yalikuwa yakiachwa wazi. Rangi nyekundu aliyoitumia inaitwa Lithol Red, na aina yake hii haivumilii jua. Kwa kuwa aliichanganya na rangi za buluu, nyekundu ilipokufa, buluu ikabaki: sehemu zilizokuwa za zambarau iliyoiva zikawa buluu hafifu. Mwaka 1979 picha zilishushwa na kuwekwa ghalani.

Kwa nini hazikupakwa upya? Rangi mpya ingenywewa na turubai isiyo na vanishi, na isingetoka tena. Kwa maonyesho yaliyoanza Novemba 2014, Harvard walitumia mwanga. Walisahihisha picha za kamera za mwaka 1964, wakazilinganisha na turubai ya sita ambayo haikuwahi kutundikwa, kisha kompyuta ikakokotoa, pikseli kwa pikseli, rangi iliyopungua. Projekta ikaimulika rangi hiyo tu juu ya turubai. Kila siku saa kumi jioni ilizimwa, na wageni wakaona hali halisi. Kwa maoni yetu, kuzima huko kulifundisha kuliko kibao chochote cha maelezo.

Rothko mwenyewe aliuogopa mwanga mkali. Kwa maonyesho yake katika jumba la sanaa la Whitechapel, London, mwaka 1961, aliagiza kuta zisiwe nyeupe kabisa bali zitiwe rangi ya udongo na wekundu kidogo, picha kubwa zikae chini karibu na sakafu, zisizidi inchi 6 juu yake, na taa zisiwe kali. Mtazamaji alimtaka asogee: takriban sentimita 45 kutoka kwenye turubai. Jaribu hivyo ukipata nafasi, ukiheshimu mstari wa walinzi. Ipe macho dakika kadhaa. Kwenye picha nyeusi, kingo huchelewa kujitokeza.

Moja ya kazi zake kubwa za mwisho ni picha 14 za kanisa dogo la pembe nane huko Houston, Texas, waliloagiza John na Dominique de Menil mwaka 1964. Alizichora New York katika banda la zamani la magari ya farasi, akitandaza parachuti chini ya dirisha la paa ili kupunguza mwanga. Alijiua Februari 25, 1970, na kanisa likafunguliwa mwaka 1971 bila yeye. Jua la Houston likawa kali mno kwa dirisha la paa. Ngao za kulizuia zilifungwa kwa nyakati tofauti, nazo zikaleta vivuli. Dirisha jipya liliwekwa katika ukarabati uliokamilika mwaka 2020, na sasa mwanga wa mchana unashukia kutani kwa kutawanyika.