Chombo Kilicholala Hakiendi Mbio

Jumamosi nimeisikia tena ile imani kwamba chombo kikilala upande ndipo kinakwenda mbio. Tulikuwa tunatoka Bandari ya Kale, Mombasa, kwa upepo wa Kusi wa noti (maili za baharini kwa saa) 20 na ushei, yoti imelala mpaka maji yanapanda ubavuni, na kijana aliyeshika kana, mkono wa usukani, amekaza miguu ananipigia kelele: "Kiwate kilale, nahodha, ndipo chaenda!" Yaani kiache kilale. Mwaka huu nimeambiwa hivyo mara nyingi mno, tena na watu wenye vyombo vyao wenyewe. Kelele za maji na kamba zinawadanganya.

Mtazame huyo kijana. Kana ameivuta mpaka mbavuni kwa mikono miwili, mishipa imemtoka shingoni. Hiyo ndiyo habari yote. Chombo kikilala, nguvu ya tanga inahamia mbali upande wa demani, kule upepo unakoelekea, na omo, mbele ya chombo, linageuka kutafuta upepo. Ili kisigeuke unapinda usukani, na usukani uliopindwa hivyo ni breki. Yeye anaona anaendesha, kumbe anakokota ubao majini. Nilimwambia alegeze kamba ya tanga kubwa shibiri mbili tu. Chombo kikainuka, kana ikalegea ikawa ya kushikwa kwa vidole, na povu lililokuwa likichemka nyuma ya usukani likanyooka likawa mstari. Mwendo ulikuwa noti 4 na nusu. Ukapanda ukapita 5. Alinyamaza mpaka tulipofika usawa wa Ngome ya Yesu.

Lakini mwendo si kinachonikosesha usingizi. Mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unashika maji ukiwa umesimama. Ukilala haushiki, na chombo kinasogezwa kando bila wewe kujua, kwa sababu omo bado linaelekea unakotaka. Sasa niambie, ndugu yangu, hapa kwenye mlango wa bandari yetu upande wa demani kuna nini? Kusi inatoka kusini-mashariki. Ukipiga bisha, yaani ukienda mshazari kuupinga upepo, kuelekea mashariki, demani yako ni mwamba wa Nyali. Ukigeuza, demani yako ni mwamba wa Likoni. Dau la mnyonge haliendi joshi, kule upepo unakotoka, walisema wazee, na chombo kilicholazwa kwa ubishi nacho hakiendi. Kinakwenda mwambani polepole.

Basi punguza tanga. Upepo ukipanda kutoka noti 10 hadi 20, nguvu yake inakuwa mara nne, si mara mbili. Kunja sehemu ya tanga ungali ndani, kwenye maji matulivu. Vaa jaketi la kuokolea maisha. Haya ya mwisho sitaki kuyarudia.

Wako wanaoona kupunguza tanga ni woga. Wazee wetu wa majahazi walibadilisha tanga kubwa kwa dogo pepo zikizidi, na wakati Kusi imekaza, mwezi wa sita na wa saba, wenye safari za Arabuni hawakutoka. Waliondoka kabla haijakaza, au walingoja ilegee, mwezi wa nane kwenda mbele. Hao walivuka bahari kuu. Wewe unatoka Tudor kwenda Mtwapa na kurudi kabla ya magharibi, ushujaa unamwonyesha nani?

Pamoja na hayo, kuna jambo linalonisumbua. Vitabu vinasema ukianza kufikiria kupunguza tanga, umeshachelewa. Ndani ya hori nakubali. Pale mlangoni, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakipwa, sina uhakika. Maji yanashuka zaidi ya mita 3, yanatoka kwa kasi na kukutana uso kwa uso na Kusi, na mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama kama kuta. Chombo chenye tanga dogo mno hakina nguvu ya kuyapasua. Nimewahi kukunja mara mbili mapema, nikapiga bisha, wimbi likanigonga omoni katikati ya kugeuka, chombo kikasimama na kuanza kurudi kinyumenyume, mwamba uko nyuma yangu. Niliwasha mashine, ikawaka. Isingewaka, sijui.

Siku hizi nakunja mara moja ndani, kamba ya mkunjo wa pili nimeiweka tayari, na uamuzi naufanya nikiwa nayaona mawimbi yenyewe. Huenda nakosea, wenzangu wawili ninaowaheshimu hawakubaliani nami. Ila siku ya bamvua, Kusi ikifika noti 25 na maji yanapwa, sitoki kabisa. Nasubiri yaanze kujaa.