Goti halina mafuta ya kuisha

“Mafuta ya goti yameisha.” Nimeshaisikia kauli hii mara nyingi mno, lakini ya juzi ndiyo iliyonichosha: aliyeitamka goti lake lilikuwa limevimba na kujaa ute hata halikunjiki. Yameisha vipi, tena yamefurika?

Goti si injini. Kilichomo ndani ni ute wa maungio, tena mililita chache tu, zisizojaza hata kijiko cha chai. Utando wa ndani ya goti huchuja majimaji ya damu, huyachanganya na asidi ya hayaluroniki, ile inayoupa ute uzito na utelezi, na kazi hiyo haikomi usiku wala mchana. Goti likiugua, mara nyingi ute huzidi; kinachopungua ni uzito na utelezi wake.

Kinacholika ni gegedu, tabaka la milimita chache linalofunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu. Lishe yake hutoka kwenye huohuo ute: ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linafyonza, kama sifongo. Sasa mtu anakaa kitini miezi mitatu “ili mafuta yarudi”! Analinyima chakula gegedu lake, na misuli ya paja, inayopokea mshindo kabla haujalifikia, inasinyaa. Inuka kitini bila kujishika, kaa taratibu, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Wagonjwa wangu wananitania kwa zoezi hili, nami siliachi. Maumivu kidogo yanayotulia baadaye yasikutishe. Goti lililovimba ghafla, lina moto, na mwenyewe una homa, hilo si la mazoezi: hospitali siku hiyohiyo.

Gegedu halina neva pia, zile nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo. Uchungu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando na kwenye ligamenti, yaani kamba zinazounganisha mfupa na mfupa, ndiyo maana wapo wenye eksirei ya kutisha wanaotembea bila shida.

Goti kulia “ko” bila maumivu? Mara nyingi ni vipovu vya gesi ndani ya ute. Liache lilie.

Wapo wanaonywa unga wa kolajeni, protini inayojenga gegedu, wakitarajia utibu goti. Hauendi moja kwa moja gotini. Tumbo huuvunjavunja kama protini nyingine yoyote, na mwili ndio unaoamua vipande viende wapi. Usisahau vitamini C, maana bila hiyo mwili hauwezi kusuka kolajeni imara. Waulize mabaharia wa zamani waliokufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo.

Mfupa nao si jiwe kavu. Unabomolewa na kujengwa upya maisha yote.

Halafu kuna “mshipa umeruka”. Mshipa upi? Neno hilo tumelibebesha ateri inayotoa damu moyoni, vena inayoirudisha, neva, na hata kano inayofunga msuli kwenye mfupa. Kano iliyochoka hutibiwa kwa kuibebesha uzito kidogokidogo. Neva iliyobanwa ina habari nyingine kabisa. Ukija kwangu usinitajie mshipa. Weka kidole panapouma.