Vyuo vya watu weusi Marekani na hela za serikali: mfuko wetu mmoja umetoboka

Juzi binamu yangu wa Mwanza kaniandikia WhatsApp, "nyie si mmemwagiwa mamilioni, mbona kila siku unalia njaa?" Kumbe kaona habari ya Septemba 2025, dola milioni 495 za nyongeza kwa vyuo vya watu weusi pamoja na vile vya makabila ya wenyeji wa asili. Nikacheka, maana mimi nakaa ofisi ya granti kwenye chuo kimojawapo, mwaka wa tisa huu, na ile hela ni ya mara moja tu, ukishaila imeliwa, huwezi kuajiri mwalimu kwa hela ya msimu mmoja.

Kwanza tuelewane. Chuo cha watu weusi kisheria (sheria ya 1965) ni kile kilichoanzishwa kabla ya 1964, lengo lake kuu likiwa kusomesha Wamarekani weusi, na kina ithibati. Viko kama mia hivi. Ukifungua chuo leo kikajaa watu weusi mpaka mlangoni bado hakiingii kwenye hesabu.

Hela yetu ya uhakika inaitwa Title III, sehemu B, ni fungu ndani ya sheria hiyohiyo ya 1965, na hii haigombewi, inagawanywa kwa fomula. Nusu ya mgao inaangalia una wanafunzi wangapi wanaopata Pell, ile ruzuku ya watoto wa familia za kipato cha chini, robo inaangalia wahitimu, robo nyingine wahitimu walioendelea na masomo ya juu ndani ya miaka mitano kwenye fani ambazo weusi ni wachache. Kwahiyo mtoto akiacha chuo njiani hatujampoteza yeye tu, na fomula inatukata. Mwaka 2019 bunge likapitisha dola milioni 85 kila mwaka ziwe za kudumu, kabla ya hapo tulikuwa tunashika roho kila zikikaribia kuisha muda.

Hela hii inafanya kazi jamani, msinielewe vibaya. Maabara yetu ya kemia ilikuwa na lile kabati la kunyonya moshi limebandikwa karatasi USITUMIE, karatasi yenyewe imeshakuwa ya njano, sasa hivi lipo jipya lina stika ya namba ya granti na kila ukaguzi nashuka na listi yangu kuitafuta hiyo stika. Ila sharti lake ni kwamba granti inaongezea, haichukui nafasi ya hela ambayo chuo au jimbo lilikuwa linatoa.

Sasa mfuko uliotoboka, hela ya kilimo. Sheria ya Morrill ya 1862 iligawa ardhi kwa majimbo yajenge vyuo vya kilimo, majimbo ya kusini yakawafungia weusi nje, ikabidi ije Morrill ya pili ya 1890: pokea weusi au uwajengee chuo chao. Wakajenga, leo viko 19, na sisi ni mmojawapo. Serikali kuu ikituletea dola ya utafiti wa kilimo au ugani, jimbo linatakiwa liweke dola yake, dola kwa dola. Chuo cha 1862 hakina ujanja, jimbo lisipoweka hela inapotea, kwahiyo linaweka, tena mara nyingi linapitiliza. Sisi wa 1890 tumepewa "huruma": jimbo likiweka nusu tu tunaruhusiwa kuomba msamaha wa nusu iliyobaki. Mi naona hiyo huruma ndo imetumaliza, maana jimbo likishajua nusu inatosha litaleta nzima ya nini?

Septemba 2023 mawaziri wawili, Cardona wa elimu na Vilsack wa kilimo, waliwaandikia magavana 16 kuwaambia vyuo hivi vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 ndani ya miaka thelathini na kitu, ukivilinganisha kwa kila mwanafunzi na vile vya 1862. Chuo cha Tennessee State pekee kimepunjwa bilioni 2.1. Wabunge wa Tennessee wenyewe walishapiga hesabu yao 2021 wakapata kati ya milioni 150 na 544, mwaka uliofuata wakatoa 250 kwa ajili ya majengo. Barua ya waziri lakini haina meno, gavana anaisoma anaiweka droo.

Na huo msamaha unaombwa kila mwaka, unaandika barua kueleza kwamba mlihangaika kwa nia njema kuitafuta hiyo hela mkakosa. Ushahidi wangu ni folda la imeli nilizotuma ofisi ya bajeti ya jimbo. Mwaka huu ni 14, majibu mawili, moja lao ni la kompyuta kuniambia mhusika yuko likizo.