Je, wajua kwa nini bastola mpya ya Colt Python si ile ya zamani, ingawa zinafanana?

Ukiweka mezani Colt Python ya mwaka 1965 na nyingine ya mwaka 2020, jicho lisilozoea litaziona kuwa pacha: kasiba nzito yenye ukingo uliotobolewa upande wake wa juu, na silinda inayobeba risasi sita za .357 Magnum. Tofauti kubwa imo ndani, na chanzo chake ni tupa.

Kampuni ya Colt ya Marekani ilianza kuuza bastola hiyo mwaka 1955 kwa dola 125, bei iliyokuwa kubwa kwa wakati ule. Vipande vyake vya ndani havikutoka mashinini vikiwa tayari kuingiana. Fundi alikaa na tupa, akapunguza kidogo, akajaribu, akapunguza tena, hadi vyote vikaafikiana, na ndiyo maana triga yake ilisifiwa kwa ulaini. Triga inapovutwa, kipande kidogo kama kidole husukuma silinda izunguke mpaka tundu la risasi lilingane na kasiba. Katika Python ya zamani kidole hicho huendelea kuikandamiza silinda hadi risasi inapofyatuka, hivyo silinda haichezi. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa pia ugonjwa wake, kwani chuma kinachokandamiza chuma hulika, na baada ya risasi nyingi silinda huanza kuchelewa kufika mahali pake. Kuirekebisha ni kazi ya fundi aliyeuzoea mfumo ule hasa, si ya kila mwenye bisibisi.

Kazi ya mkono ni ghali, na mwaka 2005 utengenezaji ulikoma kabisa. Python iliporudi Januari 2020, kwa bei ya dola 1,499, Colt haikunakili ya zamani. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata vipande kwa vipimo vinavyokaribiana mno, kwa hiyo tupa haina kazi kubwa tena; idadi ya vipande vya ndani imepunguzwa, na fremu imeongezewa chuma chini ya kilengeo cha nyuma, mahali panapobeba mkazo wa kila risasi. Kilengeo cha mbele nacho hubadilishwa kwa urahisi.

Kwa anayetaka kulenga shabaha kila wiki, naona mpya ndiyo yenye busara. Hata hivyo wakusanyaji bado huilipia ya zamani fedha nyingi, hasa yenye rangi ya buluu iliyokolea, ambayo chuma chake kiling'arishwa hatua kwa hatua hadi kikawa kama kioo kabla ya kutiwa rangi. Mpya ilianza na chuma kisichoshika kutu pekee, na waliotamani buluu walisubiri hadi mwaka 2023.